Mpiga Fidla Aliyesema "Haijawahi Kunitokea"

Wapendwa, kabla hatujaendelea na somo letu, nataka niwasimulie habari za mpiga fidla mmoja. Msihangaike kumtafuta mjini, hamtampata. Huu ni mfano tu. Ila mkiona anafanana na mtu mnayemjua, hapo msinilaumu mimi.

Bwana huyu tumwite Mwalimu Senkondo. Alipiga fidla katika okestra ya mji wao tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe zote. Okestra, kwa wale ambao hamjawahi kuiona, ni kundi kubwa la wapigaji wanaokaa kwa safu, kila mtu na chombo chake: fidla, selo, filimbi, tarumbeta. Mbele yao husimama kiongozi na kafimbo kake mkononi. Muziki wenyewe ni ule wa zamani, ulioandikwa ukaandikika, na mtu habahatishi. Ukiteleza noti moja tu, jirani yako anakutazama kwa jicho la pembeni.

Katika kundi hilo Senkondo alikalia kiti cha kwanza, kile kilicho karibu kabisa na kiongozi. Wengine walisubiri apige uzi wake ndipo nao wakaze nyuzi zao. Akipita kwenye korido ya ukumbi, vijana walijibana ukutani apite. Hakuwaomba wafanye hivyo. Lakini wapendwa, hakuwahi pia kuwaambia waache.

Sasa, okestra ile ilikuwa na desturi nzuri. Kijana akiingia, alikabidhiwa mkongwe mmoja wa kumlea mpaka azoee. Kwa maana kujua kupiga ni kitu kimoja, na kuishi kwa kazi ya kupiga ni kitu kingine kabisa. Nani atakufundisha namna ya kumjibu kiongozi aliyeamka vibaya? Nani atakuambia usile maharage siku ya tamasha? Mnacheka, lakini kaeni saa mbili mbele za watu na tumbo linalonguruma, halafu mje mniambie. Na nani atakuambia ufanye nini mkono ukianza kutetemeka? Mambo hayo hayamo kwenye karatasi za muziki. Yamo kwa watu.

Basi siku moja Senkondo akakabidhiwa binti aitwaye Subilaga. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Fidla alijifunza katika shule ya muziki ya kanisa huko kwao kwenye baridi, na vidole vyake vilikuwa na sugu kama vya mtu anayelima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, piga nikusikie."

Hata jina hakumwuliza. Subilaga akaweka fidla begani, akapiga. Senkondo alikuwa amekaa huku anafuta miwani yake, na mkono wake ukasimama palepale kwenye kioo. Alisikiliza mpaka mwisho. Moyoni akasema: huyu ananipita. Nilipokuwa na umri wake sikuweza hata nusu ya hivi.

Mdomoni akasema, "Kiwiko umekinyanyua mno."

Mmeona hapo? Moyo umesema lake, mdomo umesema lake.

Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Senkondo alimpenda yule binti. Alimfundisha kwa bidii kuliko vijana wote waliompitia. Alimwonyesha namna ya kupaka utomvu kwenye upinde wa fidla bila kuuzidisha, na namna ya kupumua pamoja na wenzake kabla ya noti ya kwanza. Alimwonyesha jinsi ya kukaa ili mgongo usije ukamlaani uzeeni. Mazoezi yakichelewa kwisha, alimsubiri mpaka apate usafiri. Mkewe alipokaanga mihogo, alimfungia Subilaga kwenye karatasi. Kila kitu cha mikono alimpa. Ila kitu kimoja tu hakumpa, na hicho ndicho alichokihitaji zaidi ya vyote.

Sikilizeni. Zamani sana, Senkondo akiwa kijana, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, apige kipande chake cha kwanza cha peke yake. Alianza vizuri. Katikati, ghafla, kichwa kikawa cheupe. Noti zote zikaondoka. Hakujua yuko wapi wala kinachofuata nini. Akasimama, upinde hewani, watu wakimtazama. Halafu akashuka jukwaani akiwa anatembea kama mtu aliyemwagiwa maji. Okestra ikamalizia bila yeye.

Habari hiyo aliizika. Waliokuwepo wengine walistaafu, wengine walikufa, na waliobaki walikuwa na adabu. Mkewe hakuijua. Wanawe hawakuijua. Na kadiri nywele zilivyozidi kuwa nyeupe, ndivyo alivyozidi kujisikia kwamba ile haikuwa habari yake tena, ilikuwa ya kijana mwingine fulani wa zamani.

Basi ikafika zamu ya Subilaga. Kiongozi alimchagua apige kipande kirefu cha fidla peke yake, huku okestra yote ikimsindikiza. Kwa kijana, huo ni mlango. Ukipita hapo, umeingia kazini kweli. Senkondo alimwandaa wiki nyingi. Siku yenyewe alimwambia nyuma ya pazia, "Unakijua. Nenda ukakipige."

"Mwalimu, mikono yangu ni ya baridi."

"Isugue. Nenda."

Akaenda. Mama yake alikuwa amesafiri kutoka kijijini na kanga zake mpya, amekaa mbele kabisa. Subilaga akapiga sehemu ya kwanza watu wakaduwaa. Hata wale wa tarumbeta, ambao kwa kawaida husinzia fidla zikiwa na zamu yao, walikuwa macho. Sehemu ya pili nayo ikapita. Alipoanza ya tatu, mahali ambapo wimbo unapinda na kurudi kwa njia nyingine, akarudia njia ileile ya mwanzo. Akagundua. Akajaribu kuruka kufuata wenzake, akaangukia mahali sipo. Akasimama.

Wapendwa, mnajua urefu wa dakika ya namna hiyo? Okestra inaendelea, na mwenye wimbo amesimama, upinde uko hewani.

Ndipo Senkondo, pale alipokaa, akachukua. Alikijua kipande chote kwa moyo. Akaudaka wimbo pale ulipodondoka, akaupiga akiwa amekaa kitini kwake, kwa sauti kubwa na safi, mpaka mwisho. Subilaga alisimama kidogo pembeni yake, kisha akashuka. Watu hawakumtazama tena. Walikuwa wanamtazama mzee. Kilipoisha, ukumbi mzima ulisimama kwa makofi. Kiongozi akamshika Senkondo mkono, akamwinua mbele za watu.

Alikuwa ameokoa tamasha. Hilo ni kweli, na hakuna wa kumnyima. Lakini yule binti, je, nani alimwokoa?

Watu walipoanza kutoka, Senkondo akaenda nyuma, bado anapewa pongezi huku na huku. Akamkuta Subilaga kwenye korido, amekaa juu ya sanduku la ngoma kubwa, fidla iko mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anazitazama nyuzi tu. Alipomwona, akanyanyuka kwa heshima.

"Mwalimu, nisamehe."

"Pole, mwanangu. Imeshapita."

"Naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Wewe iliwahi kukutokea hivi?"

Sasa hapo ndugu zangu, simameni na Senkondo kidogo. Kulia kwake kuna wapiga filimbi wawili wanafunga vyombo vyao, na masikio wameyatega. Nyuma yake anakuja kiongozi, bado anatabasamu. Viganja vyake mwenyewe bado vina joto la kushikwashikwa na watu. Na mbele yake yuko binti anayemtazama kama mtu aliyetumbukia shimoni anavyomtazama mtu aliye juu, anataka kujua jambo moja tu: je, kuna aliyewahi kutoka humu?

Senkondo alifungua mdomo. Ile habari ya zamani ilifika mpaka kwenye ulimi. Akawaona wale wapiga filimbi.

"Mimi?" akasema. "Hapana. Mimi haijawahi kunitokea."

Na kwa kuwa uongo ukishatoka hupenda kusindikizwa, akaongeza, "Mtu akijiandaa vizuri, haitokei."

Subilaga akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akaifunga fidla yake ndani ya kasha, akaenda kumtafuta mama yake.

Maneno machache tu hayo. Hakumpiga wala hakumtukana. Hata sauti hakuipandisha. Na mngemwuliza siku ile angewaambia kwamba amemfariji.

Subilaga alirudi mazoezini. Alirudi, msifikiri alikimbia siku ileile. Lakini aliomba akae safu ya nyuma. Halafu akawa anapiga taratibu, kwa kujificha ndani ya sauti za wenzake. Senkondo akimwambia, "Toa sauti, binti," alitoa noti mbili tatu, kisha akarudi kulekule kujificha. Akawa anajiandaa mno, anafika kabla ya mlinzi hajafungua geti, vidole vinavuja damu. Maana aliambiwa nini? Aliambiwa anayejiandaa vizuri haimtokei. Na kwake ilitokea. Basi hesabu yake ilikuwa rahisi: kasoro haiko kwenye siku ile, iko kwangu. Wengine wameumbwa kwa kazi hii, mimi sikuumbwa.

Akaanza kukosa siku moja moja. Kisha akaacha kuja.

Senkondo alimpigia simu. Mama yake ndiye aliyepokea, akasema binti amepata kazi kwenye kliniki ya meno, anapokea wagonjwa. "Anasema muziki una wenyewe, Mwalimu. Lakini amekushukuru sana, sana." Senkondo akakata simu. Angeweza kupanda gari akaenda. Kliniki haikuwa mbali. Alijiambia wiki ijayo.

Na kikao cha wakongwe kilipokaa, wakamwuliza, "Yule binti wako vipi?" akajibu, "Kipaji anacho. Moyo hana."

Wakaitikia kwa vichwa. Tangu siku hiyo ndivyo Subilaga alivyojulikana katika okestra ile: kipaji anacho, moyo hana. Naye aliyesema alijua fika kwamba moyo wa yule binti ulikuwa kama wake yeye, haukupungua hata kidogo.

Miaka ikapita. Unajua mzigo wa namna hii haukuangushi chini siku moja, unatembea nao. Kila alipokabidhiwa kijana mwingine, alimtafuta Subilaga katika upigaji wa kijana huyo, na hakumpata. Alianza kuona haya kupita mtaa wa ile kliniki. Akawa anazunguka njia ndefu.

Mpaka jino likamuuma. Na mnajua jino halina heshima, hata kwa mtu wa kiti cha kwanza. Shavu likavimba, mkewe akamburuta mpaka kliniki. Mlangoni, nyuma ya kimeza, alikaa Subilaga katika sare ya bluu.

"Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu. Jamani, pole. Karibu ukae."

Alimkaribisha kwa furaha ya kweli. Akampa kiti karibu na feni. Akamwulizia mkewe, wajukuu, okestra.

"Okestra haijambo," akasema Senkondo, kwa shavu lililovimba. "Tunasukuma siku. Na wewe huku?"

"Huku salama. Watu wanaumwa meno kila siku, kazi haikatiki." Akacheka.

Hapo Senkondo alikuwa na nafasi. Foleni ilikuwa ndefu, mkewe ametoka kwenda kununua maji. Hakukuwa na mpiga filimbi yeyote. Alisema, "Subilaga, siku ile…" 

"Ndiyo, Mwalimu?"

"Siku ile kulikuwa na joto sana pale ukumbini."

Binti akamtazama, akangoja. Mzee akaitwa ndani kwa daktari. Alipotoka mdomo wote ulikuwa umekufa ganzi, na akajiambia kwamba sasa hata angetaka asingeweza kusema. Hivi ndivyo tunavyojidanganya, jamani: tunanyamaza tukiwa na mdomo mzima, halafu tunaisingizia sindano.

Kitu pekee alichoweza ni kumwalika. Alikuwa anastaafu, na okestra ilimwandalia sherehe ya kumuaga. "Uje," akasema kwa ishara zaidi ya maneno. Subilaga akasema atakuja bila kukosa.

Siku ya sherehe ikafika. Ilikuwa mchana, ukumbi umepambwa vitambaa, pilau inanukia mpaka barabarani. Vijana wote waliolelewa na Senkondo walikuja, wengine na watoto wao. Subilaga alikuja akitokea kazini, akakaa meza ya karibu na mlango, zawadi yake mapajani.

Mzee Luhanga wa tarumbeta akasimama kutoa neno. Huyo walikuwa pamoja tangu ujana, na ni mtu wa mizaha, akishika kipaza sauti watu wanavuta viti karibu. Akasifu hiki na kile, halafu akasema, "Sasa leo anaondoka, adabu imeisha. Niwaambie siri yake?"

"Tuambie!" ukumbi ukaitikia.

Senkondo akajua. Alimtolea macho rafiki yake, lakini Luhanga alikuwa amegeukia watu.

"Huyu mnayemwona hapa, siku yake ya kwanza ya kupiga peke yake, katikati ya wimbo, kapotea! Kapotea kabisa, bwana! Kasimama kama nguzo ya umeme. Halafu kashuka jukwaani, kaenda zake."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko cha upendo, wapendwa, kile ambacho mtu akikipata uzeeni anashukuru. Wengine walimpigia makofi. Mkewe akamsukuma bega, "Kumbe wewe!" Hakuna hata mmoja aliyemdharau. Miaka yote ile aliogopa siku hii, na siku yenyewe ilipofika ikawa ni furaha tupu.

"Subirini, sijamaliza," Luhanga akasema, na sauti yake ikashuka. "Mnajua tulimkuta wapi? Jikoni kwa wapishi, amekaa juu ya gunia la mchele, anasema fidla basi, anarudi kwao kulima tangawizi. Marehemu Mzee Kihwele wa piano ndiye aliyemfuata. Mtu mkubwa yule, tulikuwa tunamwogopa kama nini. Akakaa naye palepale juu ya gunia na suti yake nyeusi. Akamwambia, 'Mimi ilinitokea mara mbili.' Mara mbili! Akamsimulia zote. Na wiki iliyofuata akampandisha tena jukwaani, akakaa mwenyewe kwenye piano pembeni yake. Bila yule mzee, leo tusingekuwa na mtu wa kumuaga."

Watu wakaguswa. Halafu makofi makubwa.

Senkondo hakuyasikia. Alikuwa anatazama meza ya karibu na mlango. Subilaga alikuwa amecheka na wenzake mwanzoni, alimwona akicheka. Sasa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya zawadi yake, uso hauna kitu.

Ikaja zamu ya zawadi. Mnajua tunavyofanya: muziki unapigwa, watu wanapanga mstari, wanakwenda mbele wakicheza kidogo kidogo, mmoja mmoja. Senkondo alisimama pale anapokea, anashukuru, anapokea, huku akiuona mstari unavyomleta yule binti. Mpaka akafika. Akapiga goti kidogo, akampa chupa ya chai iliyofungwa kwa karatasi ya maua.

"Hongera, Mwalimu. Pumzika salama."

"Subilaga, mwanangu, ngoja. Nilitaka kukuambia. Pale kliniki nilitaka kukuambia."

"Najua ulitaka."

"Nilikudanganya."

Muziki ulikuwa juu. Mzee alimsogelea binti ili amsikie, kama zamani. "Mwalimu," Subilaga akasema, "aibu ya kuanguka ningeweza kuibeba. Mama alikuwepo, watu waliniona, ningeibeba tu. Kilichonishinda ni kujua kwamba ni mimi peke yangu."

"Rudi," Senkondo akasema. "Nitakaa pembeni yako mwenyewe. Kama alivyofanya Kihwele."

Binti akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa laini, sugu zote zilikuwa zimeondoka. "Fidla nilishampa mtoto wa dada yangu," akasema bila uchungu. "Anaipenda." Nyuma yake mama mmoja mwenye zawadi kubwa alikuwa anamsukuma kwa kucheza. Mstari haukuweza kusimama. Subilaga akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamwinamia, akasogea kumpisha mwingine. Watu walipokaa kula, kiti chake kilikuwa wazi.

Na Senkondo akabaki amesimama, zawadi zimemjaa mikononi.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Natamani ningewaambia kwamba binti alirudi. Hakurudi.

Sasa tuongee sisi kwa sisi. Tuna watoto humu waliofeli mitihani. Na kila baba ninayezungumza naye katika usharika huu ananiambia alikuwa wa kwanza darasani. Kila baba! Nawauliza jamani, wa mwisho walikuwa nani? Walihama nchi? Tuna vijana humu ndoa zao zina mwaka mmoja na tayari zinapasuka, na wanatazama safu za mbele, wanaona wazee wetu wamekaa wawiliwawili, wanang'aa, wanafikiri hawa hawakuwahi kulala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Tunasimama hapa kutoa ushuhuda, na ushuhuda wetu wote unaanza pale ambapo mambo yalishakuwa mazuri. Tunaipiga sehemu ya kwanza na ya mwisho. Ile ya katikati, tuliposimama tumepotea, tunairuka.

Halafu kijana akianguka tunasema nini? Tunasema kizazi hiki hakina moyo.

Mama, ni nani aliyekaa nawe jikoni siku ile yako? Baba, ni nani alikukuta unafunga mizigo akakwambia, "Hata mimi"? Maana hakuna aliyefika hapa leo bila mtu wa namna hiyo. Mungu alimtuma huyo mtu kwako. Na alipomtuma, alitegemea kwamba zamu yako ikifika, nawe utatumika. Tumeipokea rehema, tukaifungia ndani na funguo tukazitupa, eti tulinde heshima. Heshima ya nani? Senkondo aliilinda heshima yake maisha yake yote, na siku ilipofichuka watu walicheka wakamwongezea pilau. Hiyo tu ndiyo bei ambayo angelipa. Yule binti alilipa nyingine.

Nanyi vijana nisiwasahau. Anayekuambia haijawahi kumtokea, msamehe, lakini usimwamini. Katafute mwingine umwulize.

Kwaya, ngojeni kidogo, tusiimbe bado. Kaeni kimya. Kila mmoja amfikirie mtu mmoja, mdogo wake kwa umri, ambaye ameanguka mwaka huu na wewe umempa ushauri mzuri tu ukaondoka. Usimtaje. Mfikirie uso wake.

Umempata? Basi ibada ikiisha usikimbilie gari. Mfuate huko aliko, ukae naye chini, umwambie ya kwako.